Uso wa Malkia wa Mlingoti

Jumapili, Handeni. Mawingu tangu asubuhi na mvua hakuna. Nimeanua nguo zikiwa bado mbichi kwa kuogopa wingu ambalo limepita zake kwenda kunyeshea watu wengine. Hali yangu ni ya kawaida. Nasema hivyo kwa sababu jana haikuwa ya kawaida, na nataka kuiandika kabla sijaanza kuipamba.

Wanaopita hapa bloguni mara kwa mara wanajua ugonjwa wangu wa karibuni: komiki. Si zile za kuchekesha za magazetini. Ni zile za falme zisizokuwepo, za watu wenye mapezi na milima inayohama usiku, zinazochorwa na watu ambao hakuna aliyewatuma. Nilianza na dada mmoja wa Mwanza anayeweka kurasa zake mtandaoni kila Ijumaa, wakafuata vijana wawili wa Dar, baadaye nikawa sina pa kurudi. Kilichonishangaza ni kwamba ukiwaandikia wanajibu. Wanajibu kabla hujaweka simu chini, kwa sababu hakuna mwingine anayewaandikia.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kutoboa vidole vya watu na kuangalia damu yao kwenye darubini, na ukweli ni kwamba damu naikumbuka kuliko wenye damu. Sijaona ubaya wake. Komiki zinanifaa kwa sababu hiyo hiyo: unakaa na watu wengi bila mtu kukuuliza kwa nini hujaolewa.

"Ufalme wa Mlingoti" niliukuta Korogwe, kwenye steshenari moja karibu na stendi, umening'inizwa kwa kibanio cha nguo kati ya madaftari na bahasha. Kurasa za fotokopi zilizopigwa pini. Hadithi yenyewe ni hii: chini ya mashamba ya mkonge kuna nchi, nchi hiyo ina malkia, na utawala wake unaisha siku mkonge unapotoa mlingoti, ile nguzo ndefu ya maua inayochipua mara moja tu kabla mmea haujafa. Kitabu cha kwanza nilikisoma nimesimama. Cha pili nilikisoma nimekalia ndoo ya mwenye duka.

Malkia haonekani uso. Vitabu viwili vizima tunamwona kisogo, bega, khanga inayopotelea konani. Niliandika hapa aya ndefu sana ya kulisifu jambo hilo. Nililiita fumbo, nikaliita ujasiri wa msanii. Aya ile ipo, sijaifuta. Mkimaliza kusoma hii mnaweza kwenda kuicheka.

Nyuma ya jalada imeandikwa: Hadithi, Bibi Shabani. Picha, Baba Shabani. Na namba ya simu. Nilidhani ni watu wanaotaniana. Aliyepokea simu alikuwa Mama Shabani, binti wa mmoja na mke wa mwingine. Alinieleza bila kuzunguka: mama yake anasimulia, mume wake anachora, na yeye ndiye mdomo wa katikati, maana mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawaangaliani, hawasemeshani. Siku hizi wengi wameliacha jambo hilo, wanakaa sebule moja wanaangalia mpira. Hawa wawili hawajaliacha. Wanaishi Mazinde, nyumba chache kati yao, na kazi yote wameifanya hivyo: bibi anamsimulia binti, binti anakwenda kumsimulia mume, mume anachora, binti anarudisha karatasi kwa mama.

Sasa binti amepata ajira ya uuguzi, kapangiwa Katavi. Masimulizi yakaendelea kwa simu kupitia kwake mpaka ukurasa wa mwisho wa kitabu cha tatu, ambacho ndicho cha kumalizia. Hapo bibi akataka malkia ageuke aonekane. Mume akasema hachori. Mama Shabani akabeba maneno huku na huku mpaka akachoka.

"Huo ugomvi sibebi tena, nimewaambia," alisema. "Dada, wewe si wa ukoo wetu. Nenda wewe. Kisipomalizwa sasa hakimalizwi, nawajua hao."

Mimi nilitaka mahojiano ya blogu tu.

Jana nikaenda. Bibi Shabani alikuwa kibarazani mbele ya nyumba, amekaa mkekani na ungo wa maharage. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu wapi. Niliposema Misima akanisemesha Kizigua cha kunipima, na nadhani nilifaulu kwa shida. Mkwewe alikuwa ameingia kwa nyuma, yuko uani kwenye kigoda, ubao magotini, ameupa mgongo mlango wa nyuma. Kati yao kuna korido, na ndani ya korido nilikuwa mimi.

"Mwambie Baba Shabani," bibi akasema kwa sauti ambayo hata jirani aliipata, "nimechoka kuwa kisogo."

Kumbe malkia ni yeye. Mkwe alimchora jinsi anavyomjua: akipinda kona, akiingia ndani, akivuta mtandio aliposikia hatua zake. Ndilo fumbo langu lote hilo.

Nilidhani maneno yamefika. Hakuna aliyetikisika. Ikabidi nitembee korido nzima nikayarudie yale yale, ndipo yule bwana akainua kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia.

"Mwambie mama shikamoo," akasema. "Halafu mwambie uso wake siujui. Picha zipo, lakini nikichora kwa picha si nitakuwa namkodolea macho kutwa? Nitakuwa nimefanya nini hapo?"

Nikapeleka.

"Marahaba. Mwambie aibu hiyo nimemsamehe."

Nikarudi.

"Mwambie mimi sijajisamehe."

Nilikasirika, nasema kweli. Watu wazima wawili wanaosikiana vizuri kabisa, na mimi nimetoka Handeni kuja kuwa bomba lao. Na kitabu kilikuwa kinakufa mbele ya macho yangu, tena kwa adabu. Nilikaribia kuaga. Badala yake nikasema, nikiwa katikati ya korido na kwa sauti isiyofaa nyumba ya watu, kwamba basi bibi nitamtazama mimi, halafu nitamwambia Baba Shabani alivyo. Maneno si macho.



"Si macho, kweli," bibi akajibu kabla sijafika kwake. Kujibu bila kumngoja mjumbe ndilo kosa pekee alilofanya siku nzima.

Akaweka ungo kando, akashusha mtandio mpaka shingoni, akatazama mbele. Nikamtazama. Sikumbuki kumtazama mtu muda mrefu vile, na nilikuwa na aibu kuliko yeye. Nikarudi uani nikaanza: paji pana, mashavu yameshuka, kovu dogo chini ya jicho la kushoto.

"Dada, unanisomea majibu ya maabara," akasema Baba Shabani. "Akicheka, kunaanzia wapi?"

Sikujua. Nikarudi nikamwomba bibi acheke. Akasema yeye hachekeshwi kwa kuagizwa, na kwa kusema hivyo akacheka. Kunaanzia jicho la kulia, halafu mdomo unafuata upande mmoja tu. Nikapeleka. Akauliza nyusi zinafanya nini akiambiwa jambo asiloliamini. Nikaenda kumwambia bibi kwamba Serikali itaweka lami mpaka mlangoni kwake, nikaziangalia nyusi. Tuliendelea hivyo. Maharage yakachaguliwa, yakainjikwa, yakaiva.

Baba Shabani aliponipa karatasi hakuniangalia hata mimi. Malkia amegeuka. Nyuma yake mlingoti umejaa maua, na yeye anatutazama, jicho la kulia likianza kucheka. Kovu lipo, paji ndilo. Ila kulikuwa na vitu ambavyo sikuvisema, kama kidevu kile, na jinsi midomo ilivyofungwa. Nilidhani ndiyo ufundi wenyewe.

Bibi aliishika kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Huyu si mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza alisema chini chini, uani wasisikie. "Huyu mwanangu. Mwanangu akishazeeka."

Mama Shabani sijawahi kumwona, kwa hiyo nisingeweza kujua. Pale maneno yangu yalipopungua, Baba Shabani alijazia kwa uso pekee wa ukoo ule anaouangalia bila haya. Na uso huo uko Katavi.

Nilisimama nikingoja airudishe. Nilijua akiirudisha ndiyo basi, hakutakuwa na mwingine wa kutembea korido ile. Bibi akaipangusa karatasi kwa upindo wa khanga, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mwambie," akasema, bado kwa sauti ile ya chini, "hata mimi nimemkumbuka."

Haya ndiyo maneno pekee ya jana ambayo Baba Shabani hakuyasikia kabla sijayafikisha. Nikamwambia. Akainama juu ya ubao mtupu, na mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi, nikaenda kuiosha. Niliona huruma. Niliona na wivu kidogo, kwa sababu sijui ni nani angeweza kunichora mimi bila kuniangalia.

Bibi aliamua ukurasa uende steshenari kama ulivyo. Tukala maharage, yeye mbele, mkwe nyuma, mimi nikila nusu huku na nusu kule ili nisionekane nimechagua upande.

Leo Mama Shabani amepiga simu, sijapokea. Sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa naitazama tu ikiita. Najua atapiga tena akitoka zamu, na ataniuliza jambo moja tu, kama uso umepatikana. Nimwambie umepatikana, au nimwambie ni wa nani?