Mfalme Kapinduliwa Jukwaani

Shosti, kaa chini. Nimepinduliwa.

Si unajua mimi ndiye mfalme kwenye igizo la shule? Na Kijiko, jirani yangu wa kitanda bwenini, kazi yake ni kujificha nyuma ya pazia aninong'oneze nikisahau. Wiki nzima ananiambia, "Usijichoshe kukariri, bosi, mimi nipo." Nikamwamini, nikawa nauchapa usingizi.

Leo ukumbi umejaa wazazi. Natamka sentensi mbili, kichwa kinabaki kitupu. Nasogelea pazia. Kimya. Nakohoa kifalme. Kimya.

Halafu anatoka. Kijiko ANATOKA, shuka la bweni begani, ananiambia mbele ya watu wote, "Pumzika, kaka mfalme, unaumwa. Nitatawala mimi."

Akatawala hadi mwisho, hakukosea hata neno. Watu wakasimama kumpigia makofi. Mama naye kasimama. Mama yangu mzazi.

Mwalimu kaamua kwenye mashindano ya maigizo mfalme ni yeye, na mimi ndiye wa kumnong'oneza. Nikasema vizuri, nitalipiza kwa kunyamaza. Lakini yule msaliti hasahau kitu. Nitanyamaza weee, na hakuna atakayejua kwamba nimemnunia.