Haukutoleka

Mwanatabu, haya kaniambia Gershom, yule dresa Mrabai anifungaye kidonda cha kupasuliwa, leo asubuhi daktari alipokwisha kupita. Nakuandikia kwa penseli yake.

Nilimwuliza, "Ule uvimbe wa tumboni mmeutupa wapi?"

Akasema, "Bibi, daktari ameipitisha nyongo njia ya kando. Ndiyo maana manjano yamekutoka machoni na huwashwi tena. Uvimbe wenyewe haukutoleka."

Nami, shoga, nikamsahihisha! Nikamwambia, "Nyinyi watu wa misheni mwatuharibia Kiswahili. Sema haukutolewa."

Hakucheka. "La, bibi. Haukutoleka."

Haukutoleka. Nikamwuliza nimebakiwa na muda gani, akasema pengine miezi mitano. Nikamwambia ahsante, kana kwamba kanipa maji ya kunywa.

Adhuhuri akaja mwanangu Mwanakombo, katoka Mtongwe alfajiri. Hata hajaketi, akanifunua kope. "Mama, meupe pe! Mbuzi wa nadhiri nimeshamfunga uani. Wameutoa, eti?"

Nilikuwa na lile neno mdomoni. Wallahi, Mwanatabu, nilikuwa nalo.

Nikasema, "Haujatolewa."

"Basi watautoa lini?"

"Inshallah."

Akasema yeye hana haraka, atangoja papa hapa mpaka wautoe. Akatandika leso sakafuni kando ya kitanda changu, akajilaza na viatu vyake, na kabla sijamjibu akawa keshalala.