Sahihi ya Mzee

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Na hilo uliloniuliza, la nani alitufungisha ndoa, ngoja nikusimulie vizuri. Shikamoo kwanza. Magoti yamepoa? Sisi wazima, na mimi nina furaha hadi naona haya. Mume wangu akiniita "bibi chifu", nasahau chungu jikoni.

Unajua baba mkwe alifariki Julai. Wazee walimchagua mume wangu arithi uchifu, lakini kisheria si chifu mpaka serikali imtangaze kwa maandishi, na tangazo halijatoka. Kwenye orodha ya wizara chifu bado ni Mzee. Basi mume wangu anaweka sahihi ya baba yake, watu wasikwame. Hata cheti chetu cha ndoa cha Februari, maana huku chifu ndiye anayefungisha. Bwana harusi hawezi kujifungisha ndoa mwenyewe, ndiyo akaandika jina la Mzee. Nililia kwa raha. Fikiria, ametuoza akiwa kaburini.

Ofisini kiti cha Mzee kiko wazi. Watu wanakiamkia kwanza, ndipo wanamgeukia mume wangu kwenye stuli yake.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale. Barua yako nimeisomea hapa kaunta, nikaificha chini ya mafaili karani mwenzangu asiione. Miaka ishirini na moja nasajili ndoa. Mtu aliyekufa Julai hafungishi ndoa Februari. Kisheria wewe ni mchumba, tena mchumba aliyeshahamia.

Anayeandika jina la marehemu anafungwa. Aache leo. Njooni muandikishe upya, naye aseme mwenyewe kabla hajashikwa. Uchifu huenda akaukosa, lakini jela ataiepuka.

Shangazi yako

19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Afya ipo, usingizi hakuna.

Nilimsomea barua yako. Akacheka. "Shangazi yako anaogopa karatasi. Mzee hajakataa."

"Kwani umemuuliza?"

"Kila siku," akasema, akaenda kazini.

Nikamfuata. Mama mmoja alikuwa analalamikia mpaka wa shamba. Mume wangu akakiinamia kile kiti, akasikiliza. Nami nikajikuta nimenyamaza, nisimkatize mtu. Kisha akatoa uamuzi kwa sauti nzito ambayo si yake.

Mama alipoondoka nikamwekea karatasi nyeupe. "Niandikie jina lako, mpenzi. Lako wewe." Alishika kalamu muda mrefu. Likatoka jina la Mzee. Akajaribu tena, likatoka lilelile. Mara hii hakucheka.

Nampenda, Shangazi. Nampenda yeye aliye hai. Nimefunga sanduku letu, mashati yake nimeyaweka juu ya nguo zangu. Sijui kama atapanda gari. Ila kabla mwezi huu haujaisha utaniona hapo kaunta. Ukiniona peke yangu, usiniulize mume yuko wapi mpaka nimekaa.

Binti yako