Kikwembe ya Claudine

Lubumbashi, 1962

Victorine, mwana wangu,

Kikwembe ya kubebea mutoto uliniomba, sitakutumia. Kwanza sikiliza, kisha ukasirike. Clément, kijana wa jirani, anaandika, mimi nasema.

Bamama ba kanisa, ba paruasi yetu, balichanga bunga, sabuni na samaki ya Pweto kwa batoto benye bulema, kule misheni kwa bamasoeur, batawa benye banabalea. Brigitte, jirani mwenye alitufungia mulango siku batu ya Kasai mulifukuzwa, mimi nikabaki na mutoto, ndiye alileta samaki mingi kupita bote. Nikamuuliza: "Hii roho muzuri, ile siku uliificha wapi?" Akasema: "Mama Kapinga, niliogopa." Nikamupa aksanti, na aksanti yangu iko ya kweli.

Kitunga ya kubebea ile vitu ilijaa, basi bunga nikaifunga mu kikwembe yako, ile ulikuwa unabebea mutoto wako Claudine. Kufika misheni, kwenye anakaa sasa, Claudine akaiona, akajikokota na mikono. Akaingiza uso ndani, pua yote bunga, akaita: "Mama." Haikuwa mimi alikuwa anaita.

Uliuliza kama amekusahau. Jibu ndiyo hilo.

Miguu yake ingali vile vile, sitakudanganya. Anakula, ananona, anabishana na bamasoeur. Mungu asifiwe, na bao bamasoeur pia. Treni ya kuwapeleka Kasai ilijaa sana, angekanyagwa. Ulimuacha kwa kumuokoa. Acha kujipiga.

Masoeur alitaka kunirudishia kikwembe. Nikasema: "Muachie. Mwenyewe atakuja kuichukua."

Basi njia ikifunguka, kuja uichukue, na mutoto ndani yake, ku mugongo.

Niko hapa naye.

Mama yako,
Kapinga