Picha ya Tembo Unayoomba

Butembo, Bulengera, mwezi wa tano 2000

Kwa mujukulu wangu Zorobabel, huko Ishango, ku mbuga ya banyama,

Wavukire, mutoto wa binti yangu. Uko muzima? Unakula? Miye niko, magoti inauma, lakini Mungu anasaidia. Léa, bibi ya pasta, njo anaandika. Nimemukataza kupamba maneno yangu.

Barua yako imefika mukononi mwa Musafiri, ule shofere wa Kasindi. Makaratasi mbili, yote tembo! Eti baaskari bameua ule tembo mama juu ya meno yake, bamekunyanganya apareyi ya kupiga picha na filme zote. Kwa hiyo nikurudishie picha yake na mutoto wake, ile ulinitumia Noeli, juu imebaki hiyo moja tu ya kuonyesha batu. Na kuja nyumbani? Hapana, eti tembo zingine utaachia nani. We Zorobabel! Nilikulea ku mugongo yangu, na hauulize hata kama nyumba ingali na paa. Umenitumia tembo, kiboko, ndege ya mudomo murefu. Sura yako, hata moja!

Sasa sikia. Mwezi wa pili, ule Musafiri alikuja kulia ku mulango yangu, eti bameunguza kambi yenu ya mbuga, hakuna mutu alipona. Kumbe ulikuwa umekimbilia Uganda, kimya! Njia ya Beni ilikuwa imefungwa, hatukuweza kufuata maiti. Tukafanya matanga. Batu bakaomba picha yako ya kuweka ku kiti. Tukapata nini? Tembo. Korali ya kanisa ikaimbia tembo. Moustapha wa duka akaniuliza pole pole kama weye ni ule mukubwa ao ule mudogo. Nilicheka, kisha nikalia zaidi. Nilimuangalia ule mama, mutoto wake chini ya tumbo, nikamuambia: weye angalau uko naye.

Basi nakuambia wazi: ile picha siko nayo. Nilikataa sanduku ishuke tupu. Tulikuzika na ile tembo, pembeni ya mama yako, mu shamba ya migomba. Misumari nilipigilia miye.

Léa anasema vijana ba kanisa banaweza kuifukua mara moja, Musafiri akuletee. Nimesema atakayegusa kaburi ya mutoto wangu, nitamuvunja mukono. Unataka picha? Kuja uchimbue weye mwenyewe, nione mikono yako ikichimba. Kisha urudie kwa tembo zako, sitakufunga kamba.

Pasta anakusalimia, Moustapha pia. Bote balikula chakula ya matanga yako, na hakuna anayerudisha. Kaa na Mungu, ukae mbali na baaskari.

Alama ya kidole yangu njo iyi,

Koko yako Kahambu