Pigo Moja Mwambani

Dada Eliza,

Kamwene. Huku Makambako upepo ni ule ule uliokuwa ukiutukana kila asubuhi, na mimi bado nipo gereji, nachomelea chesisi za malori ya watu. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kuna kazi uliyoniachia nikaikwepa. Sasa nimeifanya. Nikupe taarifa kwanza, kisha nilie vizuri.

Mazishi yako yangekuchekesha. Fundi wa jeneza pale Njombe alipima urefu wako, akafurahi kwamba mbao zitabaki. Mabega hakuyapima. Ikabidi abomoe ubavu mmoja na kuuunga upya, sisi waombolezaji tumesimama kwenye ukungu tunamsubiri. Shangazi akamwambia, "Mama wa huyu alikuwa mtu wa mwambani, wewe hukuliona hilo?" Hakusema kwa ubaya. Lakini watu wote waligeuka wakanitazama mimi, mabega yangu na vidole vyangu vinene. Zamani macho ya watu tulikuwa tunagawana, nusu kwako, nusu kwangu. Siku ile niliyabeba yote.

Unakumbuka shuleni walivyotuita watoto wa kokoto? Mimi nilikuwa napigana. Wewe ulikuwa unawauliza tu, "Na nyumba yenu imejengwa kwa kitu gani?" Kisha tunakwenda zetu kula viazi vya kuchoma. Juzi dereva mmoja mgeni aliniuliza kama sisi machotara tunazaliwa na ndevu. Nikageukia kibanda chako cha chai ili umjibu. Kibanda kimefungwa, dada. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamwambia ndiyo, tunazaliwa nazo, nikarudi uvunguni mwa lori nikakaa huko hata baada ya kazi kwisha.

Sasa ile kazi. Baba alikuwa Mbena wa viazi na mahindi, mama alitoka mwambani kwa ajili yake, na kwa watu wa mwambani, wanaoishi ndani ya jiwe, anayetoka harudi. Anabaki kugonga. Mtu wetu akifa, unakwenda kwenye ule mwamba juu ya Mawengi, unagonga kwa nyundo ya mama, unataja jina la aliyefariki. Walioko ndani wanajibu, pigo moja kwa kila mtu wa damu yao aliyebaki huku juani. Mama alipofariki walipiga mawili. Nyundo zao zilikuwa nyingi, zinashuka pamoja, hata majani yalitikisika. Ukanishika mkono ukasema, "Umesikia? Wanatujua." Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na nililia kwa furaha kwenye msiba.

Desturi inataka uende kabla ya kuanua matanga. Matanga yaliisha, nyundo bado inaning'inia nyuma ya mlango. Kila shangazi aliponipigia simu nilimwambia gereji ina kazi nyingi. Uongo. Niliogopa kusikia moja. Niliona kwamba nisipokwenda, huko ndani bado tungehesabiwa wawili. Mwishowe shangazi alikasirika. Alisema, "Mwanangu, wale nao ni ndugu wa marehemu. Unawanyima msiba wao." Hilo lilinichoma, maana sikuwahi kuwafikiria kama wafiwa.

Nikapanda basi hadi Njombe, nikaunganisha kwenda Ludewa, nikaumaliza mlima kwa miguu. Nikagonga. Nikataja jina lako lote, na la ubatizo, na lile mama alilokuitia jikoni. Nikaweka sikio kwenye jiwe.

Likaja pigo moja.

Nilijua hakuna la pili. Nililisubiri hata hivyo. Sikio lilikufa ganzi kwa baridi na mimi bado nimelibandika pale. Dada, upweke nilikuwa nausikia tangu ulipoondoka, lakini kuhesabiwa ni kitu kingine.

Nilipokuwa nafunga nyundo kwenye kitambaa ndipo lile pigo likaanza kunisumbua. Lilikuwa hafifu. Halikuwa la nyundo nyingi, lilikuwa la mkono wa mtu aliyechoka. Mama alitufundisha pia namna ya kuuliza. Unakwaruza jiwe kwa ncha ya nyundo, maana yake, na ninyi je, mko wangapi? Mimi na wewe hatukuwahi kuuliza hata mara moja. Tulitaka tu kujua kama wanatujua.

Nikakwaruza.

Kukawa kimya muda mrefu. Halafu likaja pigo moja.

Nikafungua kitambaa tena. Nikagonga, akajibu. Nikagonga, akajibu. Simjui ni nani, mwanamume au mwanamke, mjomba wetu au binamu. Najua tu kwamba amekuwa akikaa karibu na ukuta, kwa sababu hakuchelewa tena kujibu.

Lala, dada yangu. Kibanda chako sitakiuza. Nyundo nimeitoa nyuma ya mlango, sasa inakaa kwenye mfuko wangu wa safari, na kila mwezi ukiandama nitapanda Mawengi nigonge. Si kwa msiba, ni kwa salamu tu. Siku ile nilikaa hadi ukungu ukafunika njia. Yeye anapiga moja, mimi napiga moja. Ukiyahesabu pamoja, dada, yanakuwa mawili.

Mdogo wako,
Kokoto