Kadi za Maestro Zisizo na Majibu

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Maestro wangu,

Leo tena nimeketi kwenye kiti chako mbele ya kwaya, sanduku lako la kadi magotini. Jumamosi ya tatu bila wewe. Mazoezi yalikwisha saa kumi na moja. Kisha mchezo, kama ulivyotuzoeza: kadi moja, habari chache za maisha ya mtunzi wa zamani wa Ulaya, kwaya imtaje jina. Kundi la sauti linalokosea linarudisha mabenchi shuleni.

Nilivuta kadi, nikasoma. Aliongoza wanamuziki wa mfalme kwa kugonga sakafu kwa fimbo ndefu. Siku moja akaugonga mguu wake mwenyewe. Kidonda kikaoza. Akakataa kukatwa, kwa sababu alikuwa mcheza dansi. Akafa.

Soprano wakataja jina moja, besi jingine. Wote wakanigeukia. Nikageuza kadi. Nyuma yake, hati ya zamani ya stesheni uliyoikatia kadi: hesabu ya magunia. Nikageuza nyingine. Magunia. Hukuandika majibu. Miaka yote hiyo, hata moja. Uliyabeba kichwani.

Mama Albertine wa soprano alisimama. "Besi babebe! Miye njo nilisema wa kwanza!"

Papa Ngoie wa besi akamjibu kutoka nyuma: "Kusema wa kwanza hapana kusema kweli, mama. Hata jogoo anasemaka wa kwanza."

Walicheka. Mimi sikuweza. Hakuna aliyebeba. Mabenchi yamelala nje.

Jumapili, 18 Mei

Nimelipata jibu. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo. Mchi mkononi, nikakumbuka: siku moja ulininyang'anya mchi huu huu, ukagonga sakafu, ukajifanya umejiumiza, ukaruka kwa mguu mmoja hadi mlangoni ukilia jina la yule mtu. Majani yalimwagika. Nilikukasirikia.

Nikalitamka jina peke yangu jikoni. Besi walisema kweli.

Majina ya watu wako nayajua kwa mdomo tu. Nimesoma hadi mwaka wa sita wa shule ya msingi. Nikijaribu kuyaandika nitayaharibu, basi sitayaandika hapa. Lakini wote ulinisimulia, jioni kwa jioni, mimi nikimenya, wewe ukitayarisha kadi. Majibu yamo jikoni. Itabidi niyatafute moja moja.

Jumanne, 20 Mei

Shemeji Banza amefika kwa treni kutoka Luena. Amekuja kutayarisha kuondoa matanga, tarehe saba mwezi ujao. Nimempa chumba cha mbele.

Nimemwuliza tena. Siku zako tatu za homa ulisema nini? Uliniulizia?

Amesema: "Bibi mwenye hakuona maiti ya bwana yake, asiulize maneno yake." Ndivyo walivyokata shauri wazee wa ukoo wenu. Wote waliokuwa kando ya kitanda chako wamekatazwa kuniambia. Banza anaona hiyo ni haki. Niliacha nyumba, anasema.

Nilikuwa Kabongo nikimwuguza mama. Wewe mwenyewe ulisema niende. Simu ilipokuja kwamba una homa kali, nilipanda lori siku ile ile. Mvua za mwisho. Matope. Siku sita njiani. Nilipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka.

Namkasirikia Banza. Na naona haya mbele yake. Yote mawili.

Jumamosi, 24 Mei

Kadi ya leo: padri mwenye nywele nyekundu. Aliacha kusoma misa kwa sababu ya kifua. Alifundisha muziki wasichana yatima.

Mama Albertine hakuamini. "Padri wa nywele nyekundu? Bongo! Maestro alitudanganya!" Alto wakataja jina. Nilijua ni sawa. Ulinihadithia huyo siku tulipopaka mlango rangi, ukajipaka hiyo rangi ya tofali kichwani ili nimwone.

Soprano wamebeba mabenchi, wakinung'unika.

Mwalimu Fidèle, anayeongoza kwaya sasa, alinisindikiza. Mchezo unakula muda, alisema. Baada ya matanga utasimama. Alisema kwa upole sana. Afadhali angesema kwa ukali.

Jumamosi, 31 Mei

Vibaya.

Nilivuta kadi bila kuitazama kwanza, kama sheria yako. Kijana huyu alitembea kwa miguu safari ndefu, kwenda tu kusikia kinanda cha mtu mwingine. Baadaye alizaa watoto ishirini.

"Ishirini!" Mama Albertine akapiga makofi. "Na kuimba alifanyaka saa ngapi?"

Kanisa zima likacheka. Nami kidogo. Nikaendelea. Alisafiri na bwana wake mkubwa, akamwacha mke wake mzima. Aliporudi nyumbani…

Hapo sauti ikaisha. Mstari uliobaki niliusoma kwa macho: alikuta wamekwisha kumzika.

Jina wanalijua wote, hata wale walioingia kwaya mwaka huu. Hakuna aliyelitaja. Papa Ngoie alivaa kofia, akakumbuka yuko kanisani, akaivua. Kisha sauti zote nne zikanyanyuka zikabeba mabenchi. Hakuna aliyeshinda.

Nje nilimshika Papa Ngoie mkono. "Ulikuwa pale," nilimwambia. "Maestro aliniulizia?"

Alitazama chini. "Mukubwa Banza alitukataza, mama." Akaondoka haraka. Mzee yule hakimbii hata treni ikimwacha.

Jumatano, 4 Juni

Baridi. Vumbi limeanza. Nimechekecha unga wa bukari, ugali wa matanga ya Jumamosi. Mikono inafanya kazi yenyewe.

Labda hukuniulizia. Labda ulifikiri nimekuacha, ukageukia ukuta. Ningekuwa wewe, ningefikiri hivyo.

Sijala.

Jumamosi, 7 Juni

Matanga yameondolewa. Misa asubuhi. Halafu uwanja wetu ulijaa. Ndugu zako upande mmoja, kwaya upande wa pili. Banza katikati, na sahani yake.

Watu walipokuwa wanakula, Papa Ngoie akasimama. Mkononi kipande cha katoni ya sukari. Alitangaza mchezo. Mwalimu Fidèle alimwonyesha ishara akae.

"Leo njo ya mwisho, mwalimu. Na leo Mama Odile njo atajibu." Akaninyoshea kidole.

"Ni mambo gani hii?" Banza aliuliza.

"Mchezo ya kwaya, mukubwa. Kula tu, kula."

Akasoma.

"Muntu huyu alifundisha bantu kuimba. Yeye mwenyewe sauti yake ilikuwa kama ya bata."

Kicheko. Hata ndugu zako. Banza akatabasamu. Alikuwa hajaelewa.

"Siku ya pili ya homa, alikataa tufunge mulango ya barabara. Alisema, bibi yangu anakuya na lori ya Kabongo, mikono yake itakuwa na mizigo."

Kicheko kikakatika. Banza aliacha kutafuna.

"Siku ya tatu, kwaya tulikuya kumuimbia. Akasema, bakwetu, imbeni polepole. Nataka kusikia motere ya lori."

Papa Ngoie alikunja katoni. Akaniuliza, kama wewe ulivyouliza kila Jumamosi: "Ni nani?"

Hapa mjini wote walikuita Maestro, nami mbele za watu. Jina lako lilikuwa la nyumbani tu. Nilisimama.

"Ni Gervais," nilisema. "Ni Gervais wangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Albertine alilia kwa sauti, kilio cha mazishi yako ambacho nilikikosa mwezi wa nne. Nami nikalia nacho. Banza alikwenda kunawa mikono, na bukari yake ilikuwa bado nusu. Hakurudi kukaa.

Jumapili, 8 Juni

Banza ameondoka kwa treni ya asubuhi. Hakuniaga. Amekunja vizuri sana blanketi alilolalia, kona kwa kona.

Nilidhani nikijua nitapoa. Sikupoa. Ulingoja, ukitega sikio, na mimi nilikuwa kwenye matope nikisukuma lori pamoja na wanaume. Hilo ni zito kuliko kutojua. Lakini silirudishi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimevua nguo nyeusi, nimezifua. Mwalimu Fidèle amekuja asubuhi akaketi kidogo. Anaomba nimtajie majibu ninayoyajua, ayaandike. Nimemwambia aje Alhamisi, niko na kazi shambani.

Nimechimba mihogo mpaka mchana. Udongo umekuwa mgumu. Mama amepiga simu kutoka Kabongo, anaweza kutembea hadi mlangoni sasa. Nimemwambia, "Vizuri."

Jua limeingia. Nimekaa. Huko uliko, Gervais, unikumbuke.